Mahindi Yamejaa Songea, Unga Umepanda Mbagala: Nani Anasema Kweli?

Swali: Nina mashine ya kusaga na kukoboa Mbagala, Dar es Salaam, na mahindi yangu mengi yanatoka Ruvuma, mengine soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma. Imenitokea zaidi ya mara moja kwamba mvua kubwa ikinyesha, watu wangu wa Songea wananiambia mahindi yapo tele na bei imeanguka, lakini mzigo ukifika huku bei iko juu na mahindi yenyewe yananuka uvundo. Madereva wanasema tatizo ni barabara, madalali wanasema ni mabadiliko ya tabianchi, na wateja wanasema ni mimi. Nani anasema kweli? Na je, niweke akiba kubwa, au niendelee kununua kidogo kidogo kama nilivyozoea?

Jibu: Mama, nakushukuru kwa swali lililonyooka. Watu wako wa Songea hawakudanganyi, na madereva nao hawakudanganyi. Mahindi yanaweza kuwa tele na kushuka bei Songea siku ileile yanapoadimika na kupanda bei Mbagala, kwa sababu kinachopungua wakati huo si mahindi, bali ni uwezo wa kuyatoa huko na kuyafikisha kwako yakiwa salama. Bei unayoilipa imebeba nauli ya lori, ushuru wa mazao, ujira wa wapakiaji na wapakuaji, sehemu ya dalali, na kitu kimoja kisichoandikwa kwenye risiti yoyote, nacho ni hofu ya mwenye lori kwamba huenda akakwama njiani wiki nzima. Mvua inapozidi, hofu hiyo hupanda kabla hata barabara haijakatika. Malori yanayokubali kwenda hupungua, mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huuza kwa yeyote aliyefika, na wewe hununua kwa yeyote aliyebahatika kupita. Mkulima hupata hasara na mlaji hupata hasara kwa wakati mmoja, na mara nyingi hata aliye katikati yao hapati kile anachodhaniwa kukipata. Sikatai kwamba wapo wanaoficha mzigo wakisubiri bei ipande, lakini kuficha mzigo huleta faida pale tu ambapo njia ya kuleta mwingine imeziba.

Tuangalie barabara zenyewe. Mahindi ya Ruvuma yana njia mbili kuu za lami za kufika Dar es Salaam. Ya kwanza hupanda Njombe, ikapita Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga na Morogoro. Ya pili huelekea mashariki kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi, kisha hupanda kaskazini kwa barabara ya pwani ya Lindi na Somanga, ambayo ndiyo hiyohiyo Barabara ya Kilwa inayopita mlangoni kwako Mbagala. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu karibu na kisiwa cha Mafia, mvua yake iliikata barabara ya pwani katika eneo la Somanga, na mabasi na malori yakalala njiani kwa siku kadhaa. Mtu wa Mtwara aliyelazimika kufika Dar es Salaam siku hizo alitakiwa kuzunguka kupitia Songea, Njombe na Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 badala ya zile 560 hivi alizozizoea. Safari hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, lakini iliwezekana, kwa sababu lami ya Tunduru ilikuwa imekwisha kujengwa. Kama Hidaya kingekuja miaka 20 nyuma, wakati barabara ile ilikuwa ya udongo, mikoa ya kusini ingekuwa kama kisiwa. Ninautaja mfano huu kwa makusudi, kwa sababu ustahimilivu wa mnyororo wa chakula, yaani safari yote ya chakula kutoka shambani hadi sufuriani, unaanzia hapo: njia ya pili, hata ikiwa ndefu na ghali, ina thamani ambayo huonekana siku njia ya kwanza inapokatika.

Sasa madalali na tabianchi yao. Hapa nina neno la tahadhari, maana siku hizi tabianchi imekuwa kichaka cha kufichia kila uzembe, kuanzia kalvati lililozibwa na takataka hadi ghala lililovuja paa. Tunalolijua kwa hakika ni kwamba dunia imepata joto la zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi kulinganisha na karne ya 19, na kwamba kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke wa maji. Hewa iliyobeba zaidi humwaga zaidi inapofika wakati wa kumwaga. Ndiyo maana siku za mvua zinaweza zisiongezeke, hata zikapungua, lakini mvua inayonyesha kwa siku moja ikawa kali kuliko ile ambayo mhandisi aliipigia hesabu alipochora daraja. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2023, zilizoharibu mali na maisha nchini Kenya, Somalia na Ethiopia, zilichunguzwa na wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, wakaeleza kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliziongezea ukali, huku joto lisilo la kawaida la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi nalo likichangia. Kundi hilohilo lilipochunguza ukame wa Zambia, Malawi na Zimbabwe wa mwanzoni mwa 2024, lilikuta kwamba chanzo kikuu kilikuwa El Niño, yaani lile joto la Bahari ya Pasifiki linalojirudia kila baada ya miaka kadhaa, si mabadiliko ya tabianchi. Kwa hiyo dalali wako anaweza kuwa sahihi mwaka huu na akawa amekosea mwaka ujao. Kwa mwenye mashine tofauti hiyo si kubwa sana, kwa sababu unga haupungui bei kwa kujua chanzo cha mafuriko, ila kwa serikali inayoamua kama daraja lijengwe kwa kipimo cha zamani au kipya, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Nije kwenye uvundo, kwa sababu naona hapo ndipo unapopoteza zaidi bila kujua. Watu wengi wakizungumzia tabianchi na chakula hutazama shamba peke yake, kama vile mahindi yakishavunjwa huwa yamevuka salama. Ukweli ni kwamba punje ni kitu kilicho hai, inapumua, na adui yake mkubwa ni maji yaliyobaki ndani yake. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ruvuma na nyanda za juu kusini kwa jumla zina msimu mmoja wa mvua, na mavuno yake huangukia kwenye kiangazi, kwa hiyo kwa vizazi vingi wakulima wameliachia jua kazi ya kukausha, mahindi yakiwa bado yamesimama shambani. Utaratibu huo haugharimu chochote, na ni mzuri mradi jua lije kwa zamu yake. Mvua ikichelewa kukoma, au ikirudi wakati wa kupukuchua, mkulima hana njia mbadala, kwa sababu hajawahi kuihitaji. Katika maeneo yenye vuli na masika hali ni ngumu zaidi, kwani mavuno ya vuli huja Januari na Februari, na yanapaswa kukauka katika kipindi kifupi kabla ya masika kuanza. Msimu wa 2023 kuingia 2024 katika maeneo kadhaa mvua za vuli ziliendelea hadi zikakaribia kuungana na masika, na kipindi hicho cha kukaushia kikatoweka. Kenya nayo, ambako mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa mwishoni mwa mwaka, ilijikuta inavuna katikati ya mvua hizohizo, na serikali yake ikalazimika kuwapelekea wakulima mashine za kukaushia zinazohamishika.

Angalia unyevu huo unavyokugharimu. Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 tu za mahindi yenyewe, na ukilikausha lifike asilimia 13, litapima kilo 94 na ushee. Maana yake ni kwamba umelipa bei ya mahindi na nauli ya Songea kwa karibu kilo 6 za maji. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa huanza lori linapofunikwa turubai na kusimama juani siku tatu likisubiri barabara ifunguliwe: mchana punje hupata joto na kutoa mvuke, usiku turubai hupoa, mvuke unageuka matone, na magunia ya juu yanalowa bila tone la mvua kuingia. Mifuko ya sandarusi ambayo sote tunaitumia haipumui vizuri kama gunia la katani, na hivyo jasho hilo hukaa humohumo. Dereva atakuapia kwamba turubai halikuvuja, naye atakuwa anasema kweli. Uvundo unaousikia ni kuvu aliyekwisha kuanza kazi.

Baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu, na hapa naomba usome taratibu. Sumukuvu aina ya aflatoksini haionekani kwa macho, haina harufu yake yenyewe, na haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyokuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nazo zilipata wagonjwa na vifo. Mabadiliko ya hali ya hewa yanaisaidia sumu hii kwa pande zote mbili, jambo ambalo watu wengi hulisahau: ukame huidhoofisha mimea shambani na kuiachia njia kuvu, kisha mvua isiyo ya wakati wake humkuza kuvu huyo ghalani. Ukomo unaokubalika katika ukanda wetu ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, kiasi ambacho huwezi kukitambua kwa kung'ata punje, hata uwe umezaliwa sokoni. Kukoboa hupunguza sumu, kwa sababu sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini, lakini sumu hiyo haipotei, bali huhamia kwenye pumba, ambazo wewe huwauzia wafuga kuku na ng'ombe, na ng'ombe huirudisha kwenye maziwa kwa umbo lingine. Sisemi haya ili watu waogope dona. Dona la mahindi makavu na safi ni chakula bora kuliko sembe, ila linadai mahindi mazuri zaidi kuliko sembe inavyodai.

Joto lina kazi yake pia, ingawa nitalipitia haraka. Wadudu wa ghalani huzaana upesi zaidi kadiri joto linavyoongezeka, hadi kufikia kiwango fulani. Dumuzi, ambaye aligunduliwa kwetu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambaye wakulima wengine wamempa jina la Scania, hupenda mahindi yaliyokaa muda mrefu mahali pa joto. Safari inapoongezeka siku, naye huongezewa siku.

Kuna pingu nyingine ya mnyororo ambayo watu wako wa Songea wanaiona kabla yako, nayo ni mpaka. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, baada ya takriban hekta milioni 1 za mahindi, kati ya hekta milioni 2.2 zilizopandwa, kuharibika. Mwaka huohuo Tanzania ilikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Kwa mkulima wa Ruvuma na Songwe hiyo ilikuwa habari njema, na mimi siungi mkono wanaotaka mipaka ifungwe kila bei inapopanda mjini, kwa sababu mkulima aliyenyimwa soko mwaka huu hulima kidogo mwaka ujao. Lakini ni vizuri uelewe kwamba ukame wa Choma au Livingstone, kusini mwa Zambia, unaweza kuamua bei ya mahindi unayoyanunua wewe, hata kama Songea imepata mvua nzuri. Mipaka nayo hufungwa kwa sababu za hali ya hewa zinazojificha nyuma ya majina mengine. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi ule ukomo niliokutajia. Walioumia zaidi walikuwa wafanyabiashara wadogo wasio na kipimo wala cheti. Kwa hiyo unyevu uleule unaokunyima kilo 6 kwa gunia ndio uliolifungia taifa soko kwa siku kadhaa.

Na usisahau umeme, wewe unayeendesha mota. Ukame huohuo wa Zambia ulishusha sana maji ya ziwa Kariba, ambalo nchi hiyo inalitegemea sana kwa umeme, na mgao ukawa mkali kiasi kwamba hata palipokuwa na mahindi ya kusaga, mashine zilisimama saa nyingi za siku. Nchi inaweza kupungukiwa unga kwa kukosa maji shambani na tena kwa kukosa maji bwawani, katika mwezi mmoja.

Neno ustahimilivu limezoeleka sana kwenye hotuba, nami ningependa tulielewe kama anavyolielewa fundi wa minyororo: swali si mnyororo una nguvu kiasi gani kwa jumla, bali ni pingu ipi itakatika kwanza na nini kitashika badala yake. Mnyororo wetu wa mahindi una sifa moja nzuri ambayo haisifiwi vya kutosha, nayo ni kwamba una watu wengi wadogo. Mmoja akikwama, mwingine hutafuta njia. Udhaifu wake ni kwamba karibu hakuna anayekaa na ziada: mkulima huuza haraka, msafirishaji hana ghala, wewe unanunua kidogo kidogo, na mlaji hununua unga wa siku moja kwa kupimiwa. Kila mmoja anategemea kwamba kesho barabara itapitika. Akiba ya taifa ipo, na mradi wa vihenge na maghala mapya ulibuniwa kuongeza uwezo wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000, lakini akiba hiyo imekusudiwa kuzuia njaa, si kufidia kila wiki ambayo lori lako limekwama. Pengo lililo kati ya akiba ya taifa na sufuria ya mlaji linazibwa na watu kama wewe, na ndiyo maana swali lako la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana.

Kabla ya kuongeza akiba, rekebisha ununuzi. Nunua kipimo cha unyevu. Kama fedha haijapatikana, tumia chupa kavu ya kioo na chumvi iliyokauka kabisa: tia mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi, funga, tikisa, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi hayo yamezidi unyevu wa takriban asilimia 15, na usiyapokee kwa bei ya mahindi makavu. Isipogandamana haimaanishi kwamba yamefikia asilimia 13.5, ila angalau hujabebeshwa maji ya wazi. Waambie watu wako wa Songea kwamba utapima kabla ya kulipa, na utawaongezea bei kwa mzigo mkavu. Bila nyongeza hiyo hakuna mkulima atakayenunua turubai la kuanikia, kwa sababu kukausha kunampunguzia uzito, na hakuna mtu anayependa kupunguza mzigo wake mwenyewe bure. Kibaigwa usikuache, hata bei ikiwa juu kidogo, kwa kuwa mzigo wake unakujia kwa njia ya Dodoma na Morogoro, na si mara nyingi Kitonga na Somanga zikafungwa siku moja pamoja na hiyo. Tena soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya vuli na kabla ya masika, si kwa ajili ya kilimo, bali kwa ajili ya kujua lini uagize malori mapema.

Kuhusu akiba yenyewe, sikushauri ujaze ghala, kwa sababu fedha iliyolala ndani ya mahindi ina gharama, hasa kama ni ya mkopo, na mahindi yaliyokaa muda mrefu katika joto la Dar es Salaam ni karamu ya dumuzi. Kununua kidogo kidogo mwaka mzima nako ndiko kulikokufikisha hapa. Nunua sehemu kubwa ya akiba Agosti na Septemba, mahindi ya kusini yakiwa makavu na njia zikiwa wazi, kisha ijazie tena Februari kabla ya masika. Kiasi chake kikadirie hivi: kumbuka siku nyingi zaidi ulizowahi kukaa bila mzigo, zidisha kwa magunia unayosaga kwa siku, kisha ongeza nusu yake, kwa kuwa mvua ijayo haitafuata kumbukumbu zetu. Kama unasaga magunia 10 kwa siku, na uliwahi kukosa mzigo siku 12, akiba yako ni magunia 180, yaani tani 18 za magunia ya kilo 100. Yapange juu ya chaga, yakae mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa itumie kwa yale yatakayokaa zaidi ya miezi miwili. Ila yapime kwanza: mifuko hiyo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, haikaushi mahindi, na ukiyafungia mabichi humo utafungua kitu ambacho hata kuku hawatakitaka. Saga kwanza yaliyotangulia kuingia, na kila wiki ingiza mkono katikati ya lundo. Ukisikia joto, yatoe siku hiyohiyo na uyaanike.